Taabu za Kutafuta Madini Mahali pa Mbali

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule yetu, Majengo, Mpanda)



Kamati iliponiandikia barua ilitaka nizungumze juu ya maendeleo ya madini mkoani Katavi. Nikajibu kuwa maendeleo yana wasemaji wengi, wenye tarakimu nzuri kuliko zangu. Mimi ni mtumishi wa serikali mwenye kazi ya kutembea porini na nyundo. Nikaomba nizungumze juu ya kutafuta madini, siyo kuyachimba, na juu ya ugumu wa kuyatafuta mahali pa mbali. Kamati ikakubali, kwa sharti kwamba nisizidishe nusu saa. Saa yangu nimeiweka hapa mezani.

Kwanza, mji wetu wenyewe. Kijana wa leo akiiona Mpanda hudhani kuwa reli ilikuja kwa sababu kulikuwa na mji. Mambo yalikuwa kinyume. Reli ilikuja kwa sababu ya jiwe, na mji ukafuata reli. Jiwe lenyewe ni risasi, iliyochanganyika na shaba, fedha na dhahabu kidogo, na ilipatikana pale Mukwamba. Kampuni iliyouendesha mgodi iliitwa Uruwira Minerals. Tatizo lao kubwa halikuwa kuchimba. Tatizo lilikuwa kwamba jiwe la risasi ni zito na bei yake kwa kilo ni ndogo, na kutoka hapa hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa reli. Mtu akipata dhahabu anaweza kuibeba mfukoni. Risasi haibebeki mfukoni. Basi, baada ya Vita Kuu ya Pili, ikajengwa tawi la reli kutoka Kaliua hadi hapa, kilomita 210, likipita katika pori ambalo karibu lote halikuwa na watu.

Na kwa nini halikuwa na watu? Si kwamba babu zetu hawakupajua. Ni mbung'o, au ndorobo kama tunavyowaita huku, na ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu nyingi za magharibi na kuwakusanya katika vijiji vikubwa ili kuupiga vita ugonjwa huo. Pori likajirudia. Kwa hiyo mtafutaji wa madini aliyefika baadaye akasema amefika mahali ambapo hapajawahi kukaa mtu, na kumbe alikuwa anakanyaga vigae vya vyungu.

Mgodi ule haukudumu. Kufikia mwaka 1960 ulikuwa umefungwa. Reli ikabaki, na sisi tukabaki. Mimi mwenyewe nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1997, wakati ule tukiwa bado Mkoa wa Rukwa, nikapanda garimoshi kwenda Tabora kuendelea na masomo, nimekaa juu ya gunia la karanga usiku kucha. Sikujua hata kidogo kuwa nasafiri juu ya reli ya risasi. Nilichojua ni kwamba mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na jiwe moja jeusi linalong'aa, ambalo alilitumia kuzuia karatasi zisipeperushwe na upepo. Siku moja alinituma nilichukue ofisini, nikashangaa uzito wake. Jiwe lenye ukubwa wa ngumi lilinivuta mkono chini. Nikamwuliza, "Mwalimu, hili ni chuma?" Akasema, "Hilo ni galena. Ndilo lililokuleta Mpanda." Nilifikiri ananitania, maana wazazi wangu waliletwa Mpanda na kilimo cha tumbaku.

Ndugu Mwenyekiti, kazi ya kutafuta madini huanzia mezani. Nchi yetu imegawanywa katika ramani za robo digrii, na wataalamu wa jiolojia, ambao makao yao ni Dodoma, wamekuwa wakizichora moja moja tangu enzi za ukoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege ilirushwa juu ya nchi nzima, ikienda na kurudi kama ng'ombe wa plau, ikipima usumaku wa miamba. Karatasi hizo ndizo mtu husoma kwanza. Hapo ndipo utaona kwamba miamba yetu ni mikongwe kabisa, yenye umri wa miaka kama bilioni mbili, na kwamba mkanda wake hushuka sambamba na Ziwa Tanganyika kuelekea Mbeya. Katika vitabu vya dunia nzima mkanda huo unaitwa Ubendian. Profesa wa Ulaya au Marekani akitaja neno hilo, anataja Ubende, ardhi ya Wabende, wenyeji wa hapa. Wanafunzi wenye mtihani mwaka huu wanaweza kuliandika bila ya kuogopa.

Ukitoka mezani, taabu inaanza. Huku kwetu mwamba haukai wazi. Joto na mvua za miaka mingi zimeuozesha hadi makumi ya mita kwenda chini, na juu yake umelala udongo mwekundu. Basi hatulitafuti jiwe lenyewe, tunatafuta harufu yake. Mvua huosha milima na kupeleka chembe za kila kitu mitoni. Tunakwenda mto hadi mto, tunachekecha mchanga, tunautia katika mfuko mdogo wa kitambaa, tunauandika namba, na katika daftari tunaandika mahali ulipotoka. Maabara ikisema mchanga huu una dhahabu kuliko jirani zake, tunapanda mto hadi harufu inapokatika. Hapo tunachimba mtaro. Mtaro ukisema ndiyo, tunaomba fedha za kuchoronga. Mara nyingi mtaro husema hapana. Nimefanya kazi hii karibu miaka 20, na mara ambazo mtaro umeniambia ndiyo nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwaka 2014 nilipata bahati ya kupelekwa kozi fupi nchini Finland, katika mji wa Rovaniemi, ambao uko pale pale kwenye mstari wa Aktiki. Nilikwenda nikiamini kwamba wenzetu hawana shida, maana wana helikopta na fedha. Nikakuta wana shida zetu, ila zimevaa makoti. Sisi barafu hatuna, wao wana giza la majira ya baridi. Kwetu mvua za Novemba hadi Aprili hufunga njia. Kule Kanada kaskazini njia hufungwa na kiangazi. Iko barabara ya kwenda kwenye migodi ya almasi ambayo karibu yote imepita juu ya maziwa yaliyoganda, na hufunguliwa kwa muda wa kama miezi miwili tu kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Januari. Mafuta, saruji, mitambo, kila kitu cha mwaka mzima sharti kipite katika miezi hiyo. Katika Alaska uko mgodi wa zinki na risasi uitwao Red Dog, ulioanza mwaka 1989, ambao huweza kusafirisha mali yake kwa meli siku kama 100 tu, bahari ikiwa wazi, na siku zilizobaki mali inajazwa ghalani. Na kule Greenland ulikuwako mgodi wa risasi na zinki mahali paitwapo Maarmorilik, ulioanza mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1990. Mlango wake ulikuwa katika genge, mita kama 600 juu ya maji, na wafanyakazi walipelekwa kwa kigari cha kuning'inia kwenye kamba ya chuma. Niliposikia habari hiyo nikakumbuka Mukwamba. Ni risasi ile ile nzito, mbali na soko vile vile. Wao waliparamia genge, na sisi tulipasua pori kwa reli.

Lakini lililonigusa zaidi huko Finland halikuwa mitambo. Wale wenzetu wana desturi ya kupokea mawe kutoka kwa wananchi. Mkulima au mvuvi au mtoto wa shule akiokota jiwe asilolielewa, hulipeleka kwa idara ya jiolojia, nayo hulichunguza na kumjibu. Mawe hayo huja kwa maelfu kila mwaka, na yako machimbo yaliyogunduliwa kwa njia hiyo. Zamani barafu kuu ilikwaruza miamba yao na kuyasukuma mawe mbali na kwao, kwa hiyo jiwe moja shambani linaweza kuwa mwanzo wa safari. Tangu miaka ya 1960 wamewahi hata kufundisha mbwa kunusa mawe yenye salfa. Nilicheka sana juu ya mbwa hao mpaka nilipoonyeshwa picha. Usiku nikiwa chumbani, kicheko kilikwisha, nikamkumbuka mzee mmoja wa huku kwetu. Habari yake ndiyo iliyonifanya niombe kubadilisha mada ya leo, na sijawahi kuisimulia hadharani.

Mwaka 2008, miaka miwili tangu kuajiriwa, nilipewa kuongoza msafara wa kukusanya mchanga wa mito, upande wa kaskazini-magharibi, ng'ambo ya Mishamo, kwenye milima inayoelekea ziwani. Tulikuwa watu saba na lori moja. Dereva alikuwa mtu mzima, fundi sanifu mmoja karibu na kustaafu, vibarua watatu, mimi, na mzee mmoja Mbende aliyekuwa kiongozi wa njia. Sitamtaja jina, ameshafariki, na watoto wake wapo. Fundi sanifu aliniambia siku ya kwanza, "Bwana mkubwa, mifuko iandikwe kwa penseli." Nikamwonyesha kalamu yangu mpya, ya wino usiofutika, niliyoinunua Dar es Salaam. Akanyamaza. Mtu wa miaka 28 mwenye digrii huwa hashauriki kwa urahisi, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Tulifanya kazi vizuri wiki tano. Mvua zikatangulia. Tarehe za mwanzo za Novemba tulikuwa tunavuka mto ambao wakati wa kwenda ulikuwa mchanga mtupu, lori likakwama katikati, na maji yakapanda usiku. Tuliokoa chakula na vyombo. Magunia mawili ya mifuko ya mchanga yalilala majini mpaka asubuhi. Tulipoyatoa na kuianika mifuko juu ya nyasi, ule wino usiofutika ulikuwa umefutika. Mifuko mingine ilisomeka nusu. Mifuko 31 haikusomeka hata herufi. Daftari lilikuwa salama. Nilijua kila mahali tulipochota mchanga, lakini sikujua mfuko upi umetoka wapi.

Kurudi haikuwezekana, maana njia nyuma yetu ilikuwa maji. Fedha za safari zilikwisha, na ripoti ilitakiwa kabla ya Krismasi. Usiku ule, ndani ya hema, nilikaa na taa ya chemli na ile mifuko 31, nikaanza kukumbuka. Huu mchanga ni mwekundu, lazima ni wa mto ule. Huu ni mzito, bila shaka ni wa juu kule. Nikaandika namba moja moja, safari hii kwa penseli. Wallahi ndugu zangu, nilipofika mfuko wa ishirini nilikuwa najiamini kabisa. Sikumwambia mtu. Nani angejua? Hapo ndipo ugumu hasa wa kazi ya mbali ulipo. Mjini ukikosea, jirani yako anaona. Porini uko peke yako na mfuko wako, na hakuna atakayetembea siku nne kwenda kukuhakiki.

Maabara ikajibu. Mmoja kati ya ile mifuko 31 ulikuwa na dhahabu iliyopita mingine yote mbali. Furaha ilikuwa kubwa, na mimi nilipongezwa kwa barua. Kiangazi cha 2009 fedha zikatolewa, tukachimba mitaro mitano katika mto niliouandika. Hamkuwa na kitu. Si kidogo, hapakuwa na kitu kabisa. Lakini mnajua habari ya dhahabu inavyosafiri. Tulipokuwa tunafukia mtaro wa tatu, wachimbaji wadogo walikuwa wamekwisha fika. Walisema serikali haiwezi kuchimba mitaro bure, na ikisema hakuna, maana yake ipo. Walikata maduara pale hadi mvua zilipoanza. Kijana wa mzee wetu alikuwa mmoja wao. Aliuza baiskeli na magunia ya mahindi ya familia, akanunua sululu, kamba na sembe ya kulisha wenzake wanne. Hakupata hata chembe, na msimu wa kulima ukampita.

Namshukuru Mungu hakuna aliyefukiwa. Miaka hii, hapa mkoani, watu wamefukiwa.

Nilikaa na siri hiyo miezi mitatu. Mwisho nikaandika barua kwa mkuu wangu wa kazi, ukurasa mmoja na nusu, nikaeleza mto, wino, na taa ya chemli. Nilitazamia kufukuzwa. Nilipewa onyo kwa maandishi, ambalo limo katika faili langu hadi leo, na mwaka 2010 nikaamriwa kurudi kuchota upya mchanga wote, mito yote 31, bila posho ya ziada. Ile dhahabu tuliipata. Ilikuwa katika kijito kingine, kilomita tisa kutoka pale nilipopaandika, na ilikuwa ya mshipa mwembamba usioweza kulisha mgodi wala duara. Hivyo hata ukweli, ulipopatikana, haukumfaidia mtu yeyote.

Katika safari hiyo nilikwenda nyumbani kwa mzee. Nilimkuta anasuka ungo. Nikamwambia yote, kisha nikaomba radhi kwa ajili ya kijana wake. Alisuka kitambo bila kujibu. Halafu akaniuliza, "Ile mifuko ulikuwa nayo hemani?" Nikasema ndiyo, Mzee. "Na mimi nilikuwa wapi?" Nikasema, ulikuwa nje, motoni. Akasema, "Mwanangu, mchanga wa mito ile naujua. Upo wa kusugulia vyungu, upo wa kukandikia, upo ambao nyoka hulalia. Ungenimwagia mkononi, ningekuambia huu ni wa wapi." Nikatoa mifuko mitatu niliyokuwa nayo garini, bila kumwonyesha namba. Alipata miwili, na wa tatu alisema ni wa kijito kilicho jirani na kile chenyewe.

Sikupata la kusema, na mpaka sasa sina.

Tangu siku hiyo sijaongoza msafara bila mwenyeji kukaa nami wakati wa kuandika daftari, na jina lake huliandika chini ya langu. Wengine ofisini hunicheka. Penseli nazo hununua kwa dazani.

Sasa neno kwa wanafunzi, kisha nakaa. Mkuu wa Shule amenieleza kwamba baadhi ya vijana wa kidato cha tatu hawakurudi baada ya likizo, na kwamba wameonekana machimboni. Sitawahubiria. Machimbo ya Ibindi na Dirifu yamesomesha watoto wengi, pengine hata wengine mlioko humu ndani, na mchimbaji mdogo ni raia mwenye leseni yake, ambayo kisheria hupewa Mtanzania tu. Ila mjue mambo mawili matatu ambayo rafiki aliyekuiteni hatawaambia. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi na sheria kufanya kazi mgodini, kwa hiyo siku duara likianguka jina lako halitakuwa kwenye orodha yoyote. Zebaki inayounguzwa kwenye kikaango huingia mwilini kwa moshi wake, na haina harufu ya kukuonya. Tena mwamba wenye gramu chache za dhahabu kwa tani unahesabiwa kuwa mwamba mzuri. Gramu chache kwa tani! Pigeni hesabu wenyewe ni karai ngapi za mawe zitapanda kwa kamba kabla pete moja haijapatikana, na mgawo wa mwenye duara, mwenye karasha na mwenye pampu ukiwa umekwisha toka.

Na yule anayependa mawe kweli, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha jiolojia, na masomo yanayohitajika ni yale yale mnayoyakimbia hapa: fizikia, kemia, hisabati, na jiografia.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta sanduku. Limo jiwe la galena, siyo lile la mwalimu wetu, maana lile halijulikani liliko na ninamshuku mtu mmoja aliyeketi safu ya pili. Mna kwatzi, mna jiwe lenye kutu ya shaba, na mna vichupa 12 vya mchanga wa mito ya wilaya hii. Kila kimoja kina kikaratasi chenye namba, mahali na tarehe. Vikaratasi vyote ni vya penseli. Kuna kichupa kimoja kisicho na namba, na hicho nimekiacha hivyo makusudi: ni kati ya ile mifuko 31, na sikijui kimetoka wapi. Nimekubaliana na Mkuu wa Shule kwamba sanduku litakaa maktaba na ufunguo utakuwa kwa mwalimu wa jiografia. Mwanafunzi atakayeokota jiwe asilolijua alilete hapo, aandike alipoliokota, na nitakapopita likizo ya Desemba nitalichukua na kumjibu kwa barua.

Nusu saa imepita kwa dakika nne. Naona akina mama wa chakula wamesimama mlangoni na masufuria.